Ubongo ulioibwa

Methali husema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Neno hili ni kweli katika kapu la mvuvi, lakini kwa kazi za watu tusiharakishe kulitumia. Tutoe mfano katika michezo ya televisheni.

Huko Marekani, tangu mwaka 1966 hata 1969, ilionyeshwa hadithi ya Star Trek, yenye vipande 79. Yasimulia safari za merikebu ya angani, nahodha wake Kirk, na msaidizi wake Spock, mwenye masikio yaliyochongoka na akili isiyoyumba. Katika mwaka wa pili ilivuma habari kwamba hadithi itakomeshwa. Watazamaji wakaandika barua kwa maelfu, na mwezi wa Machi 1968 kampuni ya NBC ikatangaza kwamba itaendelea. Watu wakangoja kwa hamu. Tarehe 20 Septemba wakaletewa kipande kiitwacho « Spock's Brain », yaani Ubongo wa Spock.

Kumbe ndicho hiki walichokuwa wakingojea! Mwanamke mgeni aingia merikebuni, awalaza wote usingizi, aondoa ubongo wa Spock na kwenda zake. Wenzake wamfuata, nao wautembeza mwili wa Spock kwa kidude cha kubonyeza, kama mtoto avutavyo kigari chake kwa kamba. Mwishowe daktari McCoy avikwa mashine kichwani, apata maarifa ya ghafula, aanza kuurudisha ubongo mahali pake. Maarifa yanapomtoroka kazi ikiwa katikati, mgonjwa mwenyewe amwelekeza kwa kinywa chake! Nani asingecheka? Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock, alikiri baadaye kwamba kazi ile ilimtia haya.

Sababu zajulikana. Fedha zilikuwa zimepunguzwa. Gene Roddenberry, mwanzilishi, alikuwa amejitenga na kazi ya kila siku. Tena hadithi ilisukumwa hadi Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wengi wako matembezini.

Lakini tumtazame mwandishi. Jina lililoonyeshwa ni Lee Cronin. Mwenyewe ni Gene L. Coon. Mkono huo huo uliandika mwaka 1967 kipande cha mnyama wa mwambani anayewaua wachimba madini, kumbe ni mama alindaye mayai yake. Ni kazi nzuri sana. Basi, je, tuseme samaki wote wameoza?

Hata katika kipande kibovu mna punje njema. Ubongo uliibwa kwa sababu gani? Chini ya ardhi, katika sayari ya baridi, wanakaa wanawake wasiokosa kitu: hewa, joto na maji huongozwa na ubongo uliofungwa katika mashine. Nao hawajui lolote juu ya kazi yake. Wakitaka kujua jambo, huvaa kofia ya mashine, na baada ya saa chache maarifa yametoweka. Ubongo wataka kuondolewa, nao walia kama watoto walioachwa njiani. Mwandishi alifika penye mlango huo, akacheka, akapita. Sisi wa leo, tulioanza kuziuliza mashine kila jambo, tusipite upesi namna hiyo. Aliyeazimwa akili, siku ya kuirudisha atabaki na nini?