Vuta Moja, Sasa Nyingine

Ninakuandikia wewe unayekohoa usiku ukijiziba mdomo kwa blanketi, ili jirani wa upande wa pili wa mabati asisikie. Nilifanya hivyo miezi mingi.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa mtaa wa Kawangware, Nairobi. Mwaka 2013 nilikuwa nikishona sare za shule River Road, ghorofa ya tatu, mafundi 7 kwenye chumba kimoja, na dirisha lililokuwapo lilizibwa na marobota ya vitambaa. Kikohozi kilipoanza nikasema ni vumbi la pamba. Jasho la usiku lilipokuja nikasema ni joto la mabati. Suruali ikalegea, nikaipunguza kiuno. Baada ya wiki 3 nikaipunguza tena. Tepu yangu mwenyewe ndiyo iliyoniambia ukweli: inchi 33 zilikuwa zimebaki 28. Mke wangu aliishika ile tepu, akaitazama, akanyamaza. Kesho yake alinipeleka zahanati.

Kifua kikuu. Nilipewa vidonge vya miezi 6, bure, kama wanavyopewa wagonjwa katika zahanati za serikali. Nilivimeza miezi 2. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, kikohozi kikaisha, uzito ukarudi. Januari ikaingia, wazazi wamejaa mlangoni wakidai sare, nami nikajiona mzima. Nikaacha dawa. Vile vilivyobaki nilivitupa chooni kimoja kimoja kila asubuhi, ili mke wangu akihesabu asijue. Nikilikumbuka jambo hilo naona haya hadi leo, maana huyu ndiye aliyekuwa akinichemshia uji kabla sijaamka.

Aprili 2014 nilikuwa kwenye matatu ya 46 nikienda kazini, mvua inanyesha. Nikakohoa. Leso ikawa nyekundu. Mama aliyeketi kando yangu alifungua dirisha, mvua ikamlowesha, wala hakujali. Kondakta alinirudishia noti yangu ya shilingi 50, akaniambia kwa upole, "Mzee, shukia hapa." Nikashuka Hurlingham. Sikuwalaumu. Ile noti niliishika mkononi mpaka ikalowa.

Usiku wa tatu baada ya hapo sikuweza kulala. Nilikaa, mgongo ukutani. Beseni la buluu mapajani. Damu. Nikakohoa tena. Damu tena. Stima ilikuwa imepotea. Mtoto alikuwa analia. Hewa iliingia kidogo tu, kama inapita kwenye tundu la sindano. Nikajua nakufa. Nilikuwa na ombi la neno moja, Yesu, na hata hilo halikutoka lote.

Mama yangu alikuwa amefika siku hiyo kutoka Kakamega. Alipiga magoti mbele yangu gizani, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, vuta moja." Nikavuta. "Sasa nyingine." Nikavuta. Hivyo hivyo, moja, sasa nyingine, mpaka jogoo wa jirani akawika na mke wangu, aliyekuwa ametoka kutafuta msaada, akarudi na kijana wa mkokoteni, nikapelekwa hospitali.

Siku hizo mgonjwa aliyekatiza dawa alianzishiwa matibabu mazito zaidi: miezi 8, na sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi 2 ya kwanza. Nilikuwa na kilo 46. Muuguzi alihangaika kupata mahali pa kudunga. Sikio la kushoto likaanza kulia kama mluzi, na linalia hata sasa ninapoandika. Mke wangu alisimama mbele yangu kila asubuhi, nimeze, nifungue mdomo, ninyanyue ulimi aone. Hakunigombeza hata siku moja. Akina mama wa kanisani walileta ndengu na mayai, wakaketi ndani, dirisha wazi, wakati majirani wengine walikuwa wakipitia mbali. Mama alikaa nasi mpaka sindano ya mwisho.

Ndugu yangu, kama umekohoa zaidi ya wiki 2, nenda ukapimwe. Kama vidonge unavyo na unajiona umepona, vimeze hivyo hivyo mpaka cha mwisho. Wadudu hujificha. Mimi najua.

Nilipomaliza dawa sikuwa na kazi wala nauli. Nikaanza kwenda mjini kwa miguu, pamoja na umati unaotoka Kawangware kila alfajiri ukifuata Gitanga Road kwenda vibarua vya Lavington na Kilimani. Kwenda kulikuwa rahisi. Kurudi ndiko kulikonitesa. Valley Road, ule mwinuko unaoanzia Uhuru Park, ndio uliokuwa mlima wangu wa kwanza. Siku ya kwanza nilisimama mara 9, nimeegemea ukuta, watu wa ofisini wakinipita. Pumzi ilipokatika tu, niliona beseni la buluu. Magoti yaliishiwa nguvu kwa woga, si kwa uchovu. Nikajiambia kwa sauti ya mama: vuta moja. Ilipita miezi kabla sijaupanda mwinuko ule bila kusimama, na siku hiyo nilipofika juu nilitokwa na machozi mbele za watu.

Kutembea kukawa kukimbia. Vijana wa kanisa wakanichukua kwa matatu ya 111 mpaka Ngong, tukavipanda vile vilele 7 kupita mitambo ya upepo hadi kilele cha Lamwia, mita 2,460. Nikawa narudi huko kila nilipopata Jumamosi.

Watu huniuliza kwa nini nikautamani Mlima Kenya, tena kwa siku moja, ilhali wengi huupanda kwa siku 3 au 4. Ni kwa sababu kule juu kila mtu hutweta. Ukikaribia mita 5,000, hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Mombasa. Nilitaka nifike mahali ambapo kukatika pumzi si ugonjwa. Nilitaka nikutane na ile hofu mchana, nimesimama.

Nilikuwa nimeupanda polepole mara 2, na daktari alikuwa amenipima kifua. Februari 2023 tulianza alfajiri, mimi na kiongozi wangu, kutoka lango la Naro Moru, mita 2,400. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985, na kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 40. Mpaka kambi ya Met Station nilikimbia vizuri. Kwenye kinamasi miguu ilizama hadi kwenye vifundo. Bonde la Teleki tulilipita tukitembea kwa haraka. Juu ya kambi ya Mackinder's, kwenye kokoto zinazoporomoka, kifua kikafunga. Tundu la sindano. Lile lile. Nikapiga magoti. Nikatema mate juu ya jiwe. Nikayatazama. Meupe. Kiongozi aliuliza kama turudi, nikamwomba anisubiri. Nikavuta moja.

Saa saba mchana nilishika kilele cha Lenana. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, sikuona hata kilele cha Batian kilicho hapo karibu. Nilivuta hewa, nikaisikia ikishuka mpaka chini kabisa ya mbavu. Nikamshukuru Mungu, tukageuka. Langoni tulifika usiku, saa 14 tangu tuondoke.

Nilirudi nyumbani na kikohozi. Baridi na vumbi la mlimani, kiongozi alisema. Usiku wa pili nilikohoa, nikasikia sufuria zimenyamaza jikoni. Mke wangu alikuwa amesimama, mikono ina povu, anasikiliza. Hakusema kitu. Jumatatu tulikwenda wote wawili. Siku hizi mashine hutoa jibu la makohozi kwa saa 2 hivi. Tulikaa kwenye benchi, amenishika mkono, nami nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Hakukuwa na kifua kikuu. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, na tulipofika nyumbani akaitia kwenye Biblia, pale ilipo kadi yangu ya mwaka 2014.