Jina la Kijana wa Maziwa

Ndugu msomaji, umepata kusomewa hukumu na mwanao ndani ya nyumba yako mwenyewe? Mimi nimesomewa, tena asubuhi ya Jumapili, hapa Dodoma, chai ikiwa mezani.

Mwanangu yu kidato cha tatu. Siku hizo alikuwa akisoma riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Weep Not, Child, iliyotoka mwaka 1964. Huenda nawe uliisoma ujanani. Ni habari za Njoroge, kijana wa Kikuyu mwenye kiu ya elimu, ambaye baba yake, Ngotho, ni kibarua wa mlowezi Howlands katika ardhi ile ile iliyokuwa ya wazee wake. Kilichomgusa mwanangu si bunduki za siku za Mau Mau, bali pale Njoroge anapokutana na Stephen, mwana wa Howlands, kwenye mchezo wa mpira. Stephen anakiri kwamba utotoni alitamani kusema na watoto wa Kiafrika, akashindwa kwa hofu. Kumbe Njoroge naye alikuwa akimkwepa kwa hofu iyo hiyo!

Nikaona nafasi ya kufundisha. Nikamweleza kwamba wakati wa mkoloni shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, hata utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1962. Nikamweleza kwamba Kongwa, mkoani humu humu, miaka ya 1950 palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Na Kongwa hiyo hiyo, miaka ya 1960, ikapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini. Kisha nikamsimulia habari za babu yake, marehemu baba yangu, aliyekuwa kibarua katika shamba moja la mkonge. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini msimamizi alimwita "boi" mpaka siku alipoacha kazi. Baba hakulalamikia sana ujira. Alilalamikia jina lake.

Nilikuwa bado nasema, mlango ukabishwa hodi. Nikamwita binti yangu mdogo: "Chukua chupa, Mgogo amekuja."

Mwanangu akafunga kitabu. "Samahani, Baba. Huyo kijana anaitwa nani?"

"Si yule Mgogo wa maziwa?"

"Hilo ni kabila lake, Baba. Nauliza jina."

Msomaji wangu, nilinyamaza. Tulihamia Dodoma mwaka 2017 kwa ajili ya kazi. Tangu hapo kijana yule hutuletea maziwa kwa baiskeli, jua na mvua. Sisi tu wageni katika nchi ya Wagogo, naye ndiye mwenyeji. Lakini mlangoni pangu alikuwa hana jina. Kweli, nyani haoni kundule.

Nilitoka nje mwenyewe, nikamwamkia, nikamwuliza. Alinitazama kwanza, kama mtu anayetafuta kosa alilolitenda. Kisha akatabasamu, akalitaja.

Jina hilo sitaliandika hapa, maana sikumwomba ruhusa. Nyumbani kwetu sasa sote twalijua. Nawe, ndugu msomaji, kesho mlango wako utakapobishwa hodi, utamwita nani?