Kitwitwi na Nduguze

Alfajiri hiyo ya Aprili maji yalikuwa yamekupwa, na hori ya Mida, karibu na Watamu, ilibaki uwanja wa matope uliong'aa hafifu. Kijana alitangulia kwenye daraja la mbao lililoning'inia kati ya mikoko, darubini shingoni, kitabu cha ndege kwapani. Babu yake, aliyestaafu uvuvi, alimfuata polepole.

Saa tatu wangefika wanafunzi wa darasa la sita. Kwa miaka minne kijana alikuwa amewatembeza watalii hapo, na majina ya ndege yalimtiririka kwa Kiingereza bila kusita. Leo alitakiwa kuyataja kwa Kiswahili. Usiku wa kuamkia siku hiyo kamusi ilikuwa imemwacha njiani: kila alipoifungua, alikutana na "aina ya ndege". Aina gani? Naam, hilo ni swali ambalo wanaotunga kamusi wangefaa kuulizwa mara kwa mara.

"Babu, yule mwenye ukanda mweusi kifuani?"

"Kitwitwi."

"Na yule mwekundu, mdomo umepinda?"

"Kitwitwi. Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tukitafuta samaki."

Kijana alicheka, lakini hakufurahi. Huyo mwekundu, mwenye uzito wa takribani gramu 60, alikuwa wa kijivu miezi michache tu iliyopita. Wekundu ule ni vazi lake la harusi, na harusi yenyewe iko Siberia, kaskazini kabisa, theluji inapoyeyuka. Ndege asafiriye hivyo, aitwe jina moja na kila jirani yake wa matopeni?

Wakasogea mbele. Mbali kidogo lilisimama kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene kama koleo.

"Hao sina jina lao," mzee alisema, "lakini nawajua. Huja na kaskazi, huondoka na kusi, kama majahazi ya Waarabu zamani. Na watoto wao hawana haya! Mtoto analingana na mamaye, bado anamlilia amlishe kaa."

Kijana alifungua kitabu upesi. Habari ya mtoto mdekaji ilikuwamo, pamoja na kwamba ndege hao hutaga yai moja katika mashimo ya mchanga, kwenye fukwe za Oman na Ghuba. Habari ya majahazi haikuwamo. Akaiandika pembezoni kwa penseli.

Maji yakaanza kujaa. Vitwitwi wakasogea, wakabanana, kisha wakaruka kwa pamoja, wakageuka hewani mara weusi mara weupe. Barabarani basi lilisikika likipiga honi.

"Umeandika nini?" mzee aliuliza.

"Yote uliyosema. Jina tu ndilo nimeliachia nafasi."

"Basi waulize hao watoto," mzee alisema, akaketi ukingoni mwa daraja, miguu ikining'inia juu ya maji.