Mchoro wa ndege wanne, chini ya Mlima Hanang

Ukitoka Katesh mjini kwenda Jorodom, Mlima Hanang uko mbele ya macho yako njia nzima. Una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ndio ulioporomosha tope, mawe na magogo Desemba 3, 2023, yakazoa watu na nyumba Katesh na maeneo ya jirani.

Nilikwenda kuzungumza na wazazi kuhusu usingizi wa watoto tangu siku ile. Nyumba moja nilimkuta mvulana wa miaka minane amekaa mlangoni, akichora kwa kalamu ya wino nyuma ya daftari la zamani. Mistari ilizunguka na kupishana, haikufanana na kitu.

“Anamaliza wino tu, dada,” mama yake aliniambia. “Ukimuuliza ni nini, hasemi.”

Nilimwonyesha kwenye simu mchoro wa Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, wa mwaka 1922. Kwa Kiswahili tungeuita Mashine ya Milio ya Ndege. Ni mistari myembamba ya wino juu ya rangi ya buluu na waridi: ndege wanne wenye midomo wazi, wamesimama kwenye waya wenye mpini wa kuzungusha. Kwanza unacheka. Kisha unajiuliza: wanaimba, au wanapiga kelele za hofu? Mchoro haujibu. Utawala wa Hitler uliuondoa katika makumbusho ya Berlin. Leo uko New York. Na Klee huyo, alipoorodhesha kazi zake mwaka 1911, aliingiza pia michoro yake ya utotoni.

Mama alicheka. “Na huyu mtu mzima kabisa?”

Mtoto akasogea kutazama. Akagusa ule mpini. “Ukizungusha, wanalia?”

Safari hii mama hakuuliza “ni nini”. Alisema, “Hebu nisimulie na wa kwako,” kisha akanyamaza. Mtoto akaweka kidole kwenye mizunguko ya wino.

“Hii ni ile sauti.”

Mzazi, mchoro wa mtoto si kipimo cha ugonjwa. Ila ni mlango, na ukimsahihisha unaufunga. Mwache asimulie anavyotaka. Akiendelea kushtuka usiku, kujitenga au kukataa kula kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.

Nilipoaga, mama alikuwa akimtuma mtoto dukani kununua kalamu nyingine.