Pembetatu Haiulizi Kama Unajua Kiingereza

Watoto wetu wengi waliovuka kutoka Kongo walikuwa wanasoma hesabu kwa Kifaransa. Wakifika huku Koboko wanakuta ubao wa Kiingereza, na wengine wanarudishwa madarasa mawili au matatu nyuma. Si kwamba hawajui. Mtoto anaijua pembe mraba vizuri, lakini akiulizwa kwa Kiingereza ananyamaza, na anayenyamaza anahesabiwa mjinga.

Jioni hapa Lobule ninakaa na watoto wachache wa majirani, simu moja katikati yetu. Ndani ya simu kuna GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter kule Austria mwaka 2001. Niliipakua siku nilipokuwa Arua mjini, mtandao ukiwa mzuri. Sasa inafanya kazi hata bila bando. Shida inabaki chaji tu.

Unachora pembetatu kwa kidole, halafu unashika kona moja, unaivuta. Pembe zote tatu zinabadilika mbele ya macho yako, lakini ukizijumlisha unapata nyuzi 180, kila mara. Msichana mmoja wa miaka 12 aliivuta mpaka ikawa nyembamba kama wembe. "Yaya, iko inabaki tu 180!"

Nikamwambia, "Sawa, umeona. Sasa niambie sababu."

Hapo ndipo simu inaishia: inaonyesha, haielezi. Sababu yenyewe ni ya zamani. Euclid aliiandika Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, karibu na pale ambapo maji ya Naili yetu hii yanaingia baharini. Njia moja rahisi ni hii: pitisha mstari kwenye kona ya juu, uwe sambamba na upande wa chini. Zile pembe mbili za chini zinajirudia huko juu, moja kila upande wa pembe ya tatu. Zote tatu zikikaa pamoja zinajaza mstari mnyoofu, yaani nyuzi 180.

Yule msichana alihangaika siku mbili. Ya tatu akatueleza kwa Kiswahili chetu cha Ituri, kijiti mkononi, akichora mchangani hatua kwa hatua. Hakuruka hata moja.

Najua mtihani wa kumaliza msingi utakuja kwa Kiingereza. Lazima wakijifunze, na maneno hayo ninawapa jioni hiyohiyo, moja moja, wakishaelewa jambo lenyewe. Ila wazazi wenzangu, na nyinyi walimu, ninawaomba: kabla hamjampangia mtoto darasa kwa sababu ya ulimi wake, mpeni umbo alishike, alivute, mumwulize kwa nini, na mumwache ajibu kwa lugha aliyokuja nayo. Akitoa sababu, msimrudishe nyuma.