Zabibu, Ng'ombe wa Dada Yetu

Dada yetu mkubwa alipomtuma mjukuu wake kutuletea fomu ya maonyesho, tulidhani anataka tumsomee. Kumbe alitaka tumjazie. Maonyesho ya kilimo na mifugo yalikuwa yamekaribia kule Kwale, na kila mwenye mnyama wa kuonesha alitakiwa aandikishe. Mnyama wa dada yetu ni Zabibu, ng'ombe wa kienyeji mwekundu, mwenye nundu na pembe fupi, na kimo chake mabegani hakimfikii mtu mzima kifuani. Tulicheka. Tukamwambia yule mtoto amuulize bibi yake kama ana hakika.

Jibu lilirudi jioni: "Mwambie kaka ajaze, asiulize."

Palikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwenye mnyama. Kalamu yetu ilikwisha andika herufi mbili za jina la shemeji kabla hatujatanabahi. Nasi ndio tunaosomesha mirathi kila Ramadhani baada ya sala ya alasiri! Tulizifuta herufi zile, karatasi ikabaki na doa, tukaandika jina la dada. Mali ya mke ni yake, na mumewe hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Jambo hili twalisema mimbarini kwa ufasaha mwingi, lakini mkono una mazoea yake.

Na ng'ombe huyu ni wa dada kwa haki iliyo wazi kuliko mali nyingi tunazoziona. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki akiwa mjane, akaacha ng'ombe wanne na watoto watatu, sisi na dada zetu wawili. Hesabu ilikuwa nyepesi: mwana wa kiume wawili, kila binti mmoja. Dada mkubwa alimpata bibi yake Zabibu, ng'ombe ambaye mama mwenyewe alikuwa akimkama kila alfajiri.

Sisi wawili wetu hatukukaa nao hata miezi sita. Tuliwauza. Tulikuwa tumeona mahoteli ya Diani yakinunua maziwa, tukapiga hesabu usiku kucha, tukanunua mtamba wa gredi kutoka bara, mweupe mwenye mabaka meusi, mkubwa kama kabati. Tulimjengea banda la mabati. Alipozaa alitupa lita kumi na tano kwa siku, nasi tukatembea mjini Ukunda kama watu waliovumbua jambo. Masika ya pili kupe walimwingia masikioni. Tezi zikavimba, homa ikapanda, akaanza kupumua kwa shida na povu likimtoka puani. Daktari aliyeitwa alisema ni ndigana kali na kwamba tumechelewa. Siku ya tisa akafa. Hatumlaumu aliyetuuzia. Alituuzia mnyama mzima mwenye afya, na sisi ndio tuliompeleka mahali asipopajua.

Maana ya maneno haya tulifundishwa baadaye. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio, na hapa kwetu kupe hao ni wenyeji. Ndama wa kienyeji huupata ugonjwa angali mdogo. Wapo wanaokufa, lakini wengi hupona na kubaki na kinga. Mtamba aliyekulia kwenye baridi ya bara, kwenye josho kila wiki, hufika pwani mkubwa wa mwili na mchanga kabisa wa damu. Kisha kuna mbung'o, yule nzi mfyonza damu ambaye watu wa kandokando ya msitu wa Shimba Hills hawahitaji kuelezwa habari zake. Huyo hata ng'ombe wetu wa kienyeji humwumiza, tusijidanganye. Ila wataalamu wa taasisi ya icipe ya Nairobi waliona kwamba mbung'o hapendi kumwuma kuro, mnyama wa porini, kwa sababu ya harufu yake. Wakaitengeneza mfano wa harufu hiyo, wakaitia katika vikasha vya kuning'iniza shingoni mwa ng'ombe, na majaribio wakayafanya hapa hapa Kwale. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2017 yalionesha ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe wa kwetu kunukia kama kuro! Mama yetu angecheka sana.

Asubuhi ya maonyesho tulimpandisha Zabibu kwenye pikapu, tukashika njia ya Ukunda hadi Kombani, kisha tukaupanda mlima wa Kwale taratibu. Tulikuwa tumekaa mbele na dereva. Dada alikataa kukaa mbele, akasimama nyuma ameshika kamba, buibui likipepea, na kila tulipogeuka tulimwona akimsemesha ng'ombe. Tukisema kweli, tuliomba tusikutane na mtu tunayemjua.

Tulikutana nao wote. Uwanjani ng'ombe wa gredi walikuwa wamepangwa mbele, chini ya turubai, wamesuguliwa hadi wanang'aa, na mbele ya kila mmoja kibao cha lita anazotoa. Zabibu alipewa pembe ya mwisho, jirani na sungura. Kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu alitusalimia kwa adabu, kisha akauliza, "Sheikh, huyu ni ndama wa nani?" Mzee mwingine akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba kwa ukubwa huu hata udhiya hatoshi.

Hapo tulipata pa kusemea, na tunalirudia hapa kwa kuwa wengi huuliza Mfunguo Tatu inapokaribia. Ng'ombe mmoja humtosheleza watu saba katika udhiya, awe mkubwa kama tembo au mdogo kama Zabibu. Sharti, katika madhehebu yetu ya Shafii, ni awe ametimiza miaka miwili, na asiwe na aibu iliyo dhahiri: kilema, chongo, mgonjwa, au aliyekonda hata mifupa ikakosa uboho. Uzani si sharti. Mzee alinyamaza, nasi tukajiona tumeshinda, ingawa aliyekuwa akimwonea Zabibu haya tangu asubuhi ni sisi.

Waamuzi walifika kabla ya adhuhuri. Alikuwamo binti mmoja daktari wa mifugo, mwenye mtandio na buti za mpira, ambaye hakucheka. Alimzungushia Zabibu utepe kifuani, akakadiria kilo mia mbili na thelathini. Akamtazama meno, kwato na kiwele. Kisha akauliza, "Mama, ana kumbukumbu zozote?"

Dada akatoa daftari la shule lililofungwa kwa mpira, akatupa sisi tulisome, kwa kuwa limeandikwa kwa hati za Kiarabu na daktari hazijui. Dada yetu alisoma chuoni pamoja nasi, akiwa mbele yetu kwa juzuu nyingi, mpaka alipoozwa. Kalamu ile hakuiacha. Basi tukasimama katikati ya uwanja, tumezungukwa na watu, tukasoma.

Zabibu alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, katika Rajabu. Alizaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne. Tangu hapo ndama wanane katika miaka kumi, mmoja amekufa kwa homa, mmoja amechukuliwa na fisi. Chakula chake ni majani ya kandokando ya njia na mabua ya mahindi. Maziwa yake: vibaba, si lita, kwa kuwa dada hupima kwa kikombe kile kile cha mama. Kwa hesabu ya daktari ilikuwa lita mbili kwa siku, mara nyingine moja na nusu, baada ya ndama kunyonya. Ukame ule mkubwa hakukauka moja kwa moja. Daktari alikuwa akiandika kwa haraka, na mara mbili akatuomba turudie.

Tukafungua ukurasa mwingine. Juu yake paliandikwa kichwa: Ya kaka. Chini yake safu za vijistari, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Macho yetu yaliona tarehe ya kwanza, nayo ilikuwa wiki ileile mtamba wetu alipokufa. Watoto wetu walikuwa wadogo wakati ule. Kila asubuhi mtoto wa dada alikuja na kibuyu cha maziwa, na mama watoto alikuwa akikipokea na kukirudisha na chochote kilichokuwapo. Tulidhani ni ziada. Kumbe pembeni ya zile safu palikuwa na safu ya pili, Ya nyumbani, na siku nyingi ilikuwa tupu.

"Soma, sheikh," mtu mmoja akasema. Tulisema kurasa zilizobaki ni za mambo ya nyumbani, tukalifunga daftari. Dada alikuwa akimfukuza nzi usoni mwa Zabibu. Hakututazama.

Tulipomuuliza njiani tukirudi kwa nini ameandika, alishangaa. Alisema yeye huandika kila kitu, hata kuku.

Lakini tusiruke yale aliyoyasema daktari, maana tulimfuata baadaye kivulini kumwuliza asili ya ng'ombe hawa, naye alitueleza kwa upole kama mwalimu. Ng'ombe wenye nundu asili yao ni upande wa Bara Hindi, na waliingia Afrika kwa wingi kupitia pembe yetu hii ya mashariki, katika karne za biashara ya bahari. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka mifugo ya Afrika, wenye nundu ndio walioenea zaidi baada yake. Ajabu iko hapa: katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo cha Trinity, mjini Dublin, walichunguza ule urithi unaotoka kwa mama peke yake, wakakuta kwamba ng'ombe wa Afrika wenye nundu, upande wa mama, ni wa Afrika. Waliotoka ng'ambo walikuwa hasa mafahali. Mama zao walikuwa hapa.

Nasi tukakumbuka kwamba mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza jambo linalofanana na hilo kuhusu watu, baada ya kuchunguza mifupa ya kale ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko: upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, upande wa mama asili ya Afrika. Sisi watu wa pwani twapenda kuhesabu nasaba kwa mababu waliokuja na majahazi, tukawataja mmoja mmoja hadi mji waliotoka. Bibi waliowapokea, wakawapa ardhi, maji na lugha, huishia kuitwa "mwanamke wa hapo". Hatusemi zaidi, kwa kuwa na sisi tuna shajara ya namna hiyo imetundikwa ukutani.

Zawadi ya ng'ombe wa maziwa ilikwenda kwa wa gredi aliyetoa lita kumi na nane, na aliistahiki. Mwenyewe ni mama mjane wa upande wa Tiwi anayemwogesha dawa ya kupe kila wiki bila kukosa na kumkatia majani kwa mkono wake. Anayeweza kazi ile na aifanye, Mwenyezi Mungu amzidishie. Zabibu alipata nafasi ya pili katika kundi la ng'ombe wa asili, lililokuwa na washindani wawili. Dada aliipokea karatasi yake, akaikunja, akaitia ndani ya daftari.

Katika Suratun Nahl, Mwenyezi Mungu anapohesabu neema za wanyama wa kufugwa, anataja joto na manufaa na chakula, kisha anataja na uzuri tunaouona tunapowarejesha jioni na tunapowatoa asubuhi. Tumeifasiri aya ile miaka thelathini, na kila mara tukiharakisha kufika kwenye manufaa. Jioni ile dada alipomshusha Zabibu na kumwachia kamba, ng'ombe alikwenda mwenyewe zizini kwa mwendo wa mtu anayeijua nyumba yake, nundu ikitikisika, na ndama akimwitikia. Tulisimama kumtazama mpaka adhana ya magharibi.

Sasa kuna shauri nyumbani kwa dada. Wanawe wanataka Zabibu na binti yake wapandikizwe mbegu ya ng'ombe wa kisasa, wapate maziwa zaidi. Hawakukosea. Chotara wengi wanafanya vizuri, na wajukuu wanakunywa. Lakini daktari alimwambia dada neno ambalo hakulisahau: kila nyumba inachanganya, na ikifika siku ya kumtafuta wa asili wa kuchanganya naye, atatoka wapi? Dada amewakubalia wanawe kwa binti. Kwa Zabibu amekataa. Anataka azae mara moja nyingine kwa fahali wa aina yake, naye ameshakuwa mtu mzima, muda si mwingi.

Fahali wa namna hiyo hayupo tena kijijini, wala katika vijiji viwili vya jirani. Tumeuliza msikiti kwa msikiti. Yuko mmoja, tumeambiwa, kwa mzee wa Kiduruma huko Kinango, ambako ng'ombe wa asili bado ni wengi. Jumamosi, inshaallah, tunakwenda na dada kumwona. Ametuagiza tuvae viatu vya kutembelea, kwa kuwa zizi liko mbali na barabara, na kanzu nyeupe tuiache nyumbani.