Punda Wetu Hawakurogwa

Watu wa Rasbura hapa Lindi wananifahamu kama mama muuza maziwa. Wachache wanajua kwamba nilifika Lindi na punda, na kwamba punda hao nusura watuingize vitani na majirani.

Tulishuka kusini mwaka 2007, katika lile wimbi la wafugaji walioondolewa bonde la Usangu na Ihefu ili maji yarudi Mto Ruaha Mkuu. Wanaume walizungumzia ng'ombe. Sisi wanawake hesabu yetu ilikuwa punda, maana maji, magunia ya mahindi na watoto waliochoka vyote vilipanda mgongoni mwao.

Mapori ya Lindi yana mbung'o. Mvua za kwanza zilipopita, punda walianza kukonda huku wanakula. Kisha jike mkubwa akawa anaburuta kwato za nyuma, akigeuka anapepesuka, mdomo wa chini umelegea. Akalala, hakuinuka tena. Mwingine naye akaanza vivyo hivyo.

Mzoga niliuvumilia. Maneno ndiyo yaliyonishinda. Shemeji zangu walisema wenyeji wametutilia sumu, kwa kuwa tulikwisha kugombana nao juu ya mashamba ya ufuta. Wengine wakasema tumerogwa. Fimbo zikachongwa. Mimi nilikuwa mjamzito, nikamwomba baba watoto jambo moja tu: kwanza tujue kilichomuua.

Daktari wa mifugo alipofika, alianza na kichaa cha mbwa, kwa sababu punda aliyeng'atwa na mnyama mwenye kichaa naye huyumba. Alitukataza kugusa mate, akachukua ubongo wa yule aliyekufa upelekwe maabara. Majibu yalisema si kichaa. Waliobaki aliwatoboa mishipa ya sikio asubuhi na mapema. Damu nyingine aliipaka kwenye kioo, nyingine akaitia katika kijibomba chembamba kinachozungushwa kwa mashine ili vimelea vijikusanye juu ya chembe nyekundu. Kwenye kituo chake aliniita nitazame kwenye hadubini. Niliona kitu chembamba kikijinyonganyonga, na chembe za damu zikitikisika kila kilipopita. Nililia. Adui yetu alikuwa ameonekana, na hakuwa jirani.

Kilikuwa tripanosoma aina ya brusei, kimelea kinachoenezwa na mbung'o, ndugu wa kile kinacholeta malale kwa binadamu. Ng'ombe husumbuliwa zaidi na aina nyingine mbili, kongolense na vivaksi. Brusei haibaki kwenye damu tu: hupenya kwenye tishu za mwili, na kwa farasi, punda na mbwa hufika hadi kwenye ubongo. Daktari alitukumbusha kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia mbung'o waliwamaliza farasi wa jeshi la Waingereza nchini humu kwa maelfu.

Dawa ya diminazini husafisha damu, lakini haipenyi vya kutosha kufika ubongoni. Ndiyo maana yule aliyekuwa ameanza kuyumba alipata nafuu, tukafurahi, kisha akaanguka tena na kufa. Waliokuwa na homa tu walipona. Tukaanza kuwamwagia wanyama wote dawa ya kuua wadudu mgongoni, na kutundika mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi, rangi zinazowavuta mbung'o.

Baba watoto aliwapelekea majibu ndugu zake, kisha mwenyekiti wa kijiji. Barazani mzee mmoja wa Kimwera alisema mbung'o haohao ndio waliowazuia babu zake kufuga ng'ombe. Shemeji zangu walinyamaza. Nilipojifungua, mke wa mzee huyo ndiye aliyenikanda na kunipikia uji. Namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo.

Juzi shemeji mmoja alinipigia simu kutoka porini: punda wake anaburuta mguu, na yeye mwenyewe tayari ameshika sindano ya dawa mkononi. Nilimwambia aiweke chini amwite daktari, damu ichukuliwe kwanza. Dawa ikitangulia, vimelea hupungua kwenye damu, kioo kikaonekana safi, na watu wakarudi kwenye maneno ya sumu.